Picha ya Arobaini

Tangu mashine ile iwekwe juu ya meza ya kulia, watu wa nyumba hiyo walikuwa wakila na sahani mapajani. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Mashine ilihitaji mahali, na mahali penyewe palikuwa hapo tu, basi mchuzi ukahamia magotini. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, na urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Ikiwashwa ilimeza karatasi, ikaitema, ikaimeza tena, huku kisu kidogo kama punje ya mchele kikitembea juu yake na kutoa sauti ya kitu kinachotafuna gunia. Mwenye nyumba aliipa jina siku ileile ya kwanza. Aliiita Panya.

"Panya wako ameshakula?" alimuuliza mkewe kila asubuhi.

"Ameshakula," mkewe alijibu bila kuinua kichwa, "na ndiye anayekulisha."

Mwanzoni ulikuwa utani. Wote wawili walicheka, na binti yao, aliyekuwa akichora kwenye kompyuta pembeni, alicheka pia. Lakini utani ukirudiwa kila siku huota meno, na mwezi wa tatu mume aliacha kuuliza.

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mstari. Alikuwa mchora mabango ya maduka, na alipata jina hilo kwa sababu aliweza kupiga mstari wa hatua kumi ukutani bila rula wala kamba, ukanyooka. Vinyozi, wauza dawa, mafundi viatu, wote waliwahi kumngoja awachoree. Siku hizi mabango yanachapwa kwenye plastiki, mteja anayapata kabla chai yake haijapoa. Mstari alikataa kuwafuata wateja. "Chema chajiuza," alisema, akaketi kibarazani na makopo yake ya rangi akingoja chema kijiuze. Makopo yakakauka.

Mkewe hakungoja. Alikuwa fundi cherehani. Aliuza cherehani yake akanunua Panya, akajifunza kwenye simu, akaanza kutengeneza picha za ukutani za Krismasi. Kila picha ilikuwa na karatasi saba ngumu, kila moja na rangi yake na matundu yake. Ya nyuma kabisa ilikuwa anga la buluu. Mbele yake vilima, kisha miti, kisha zizi, kisha kondoo, kisha mama na mtoto horini. Ya saba ilikuwa kama dirisha: matawi yamezunguka pande zote, na juu katikati nyota moja kubwa. Kati ya karatasi na karatasi alibandika vipande vya sponji vyenye gundi huku na huku, ili kila moja isimame peke yake. Ukiitazama picha kwa ubavu, unaona kivuli kati ya mti na mti, na unatamani kuingiza kidole.

Hata Mstari aliwahi kutamani, lakini hakuingiza.

* * *

Meneja wa hoteli alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akapiga hodi huku ameshaingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya bei na sauti ya mtu asiyekatizwa. Alikuwa ameona picha moja kwa rafiki yake. Panya alikuwa amefunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la barabarani, na mkewe Mstari alikuwa hajakifunua.

"Shikamoo," binti alimwamkia, akampisha kiti.

"Marahaba, mama. Kumbe ni hapa!" Meneja aliinua picha iliyokuwa ukutani, akaigeuza, akainusa karibu. "Jamani, kazi! Mnakata kwa mkono?"

Jibu lilikuwa neno moja, na mkewe Mstari alikuwa amekwisha kufungua mdomo kulitoa. Lakini Meneja aliendelea. "Maana za mashine zimejaa kila duka. Wageni wangu wametembea dunia nzima, hawataki za mashine. Nikipata za mkono, nachukua arobaini. Na zikipendwa, nawapa rafu yenu katika duka la hoteli, mwaka mzima."

Mwaka mzima. Mkewe Mstari alifunga mdomo, akaufungua tena.

"Huyu mume wangu," alisema, "ni fundi wa mkono tangu ujana wake."

Kila neno lilikuwa kweli. Uongo uliojengwa kwa matofali ya kweli ndio mgumu kubomoa, na yeye aliujenga mchana kweupe, mbele ya mumewe na mtoto wao.

Meneja alimgeukia Mstari aliyekuwa amekaa mlangoni. Akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Rangi za miaka zilikuwa bado zimeganda kwenye kingo za kucha.

"Hii ndiyo mikono!" alisema. "Mzee wangu, wewe sikuachi. Utakuja kukaa pale mapokezi. Tutakuwekea meza yako, wageni wakuone unakata. Wiki mbili tu, mpaka siku ya kuzileta picha. Picha tutazitundika juu kabisa, juu ya kaunta, kila anayeingia azione. Unasemaje, fundi?"

Mstari alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sakafu.

"Mgeni hajibiwi akiwa amesimama," alisema Mstari polepole. "Kaa kwanza, Madamu."

Meneja alicheka, akasema hana muda wa kukaa, na akalichukua hilo kuwa ndiyo.

* * *

"Umeniuza," Mstari alisema gari lilipoondoka.

"Nimekutaja tu."

"Umeniuza, tena rejareja. Mkono umechukuliwa, bado kichwa na miguu."

"Baba watoto, nisikilize. Ni wiki mbili."

"Mimi sijawahi kusema kazi ni yangu wakati si yangu. Hata siku moja. Bango nililochora niliweka alama yangu pembeni, na ambalo sikuchora sikuligusa. Jina langu ndilo limebaki, mama watoto. Ndilo hilo tu. Unataka niende nikalivalie aproni?"

"Jina!" Mkewe alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Unasema chema chajiuza. Haya, chako kimejiuza kwa nani? Tangu mwaka jana umeleta nini humu ndani? Hata chumvi? Mtoto huyu amemaliza masomo, amekaa hapa anachora kondoo. Mimi macho yananiuma. Halafu kuna mlango mmoja umefunguka, mmoja, na wewe umesimama katikati yake na jina lako!"

Binti alijifanya kutafuta waya chini ya meza.

Neno la chumvi lilimwingia Mstari. Angeweza kujibu kwamba kukosa kazi si uvivu, na angekuwa na haki. Lakini lilimuuma, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Alitoka nje akasimama kibarazani kwa muda. Aliporudi alisema, "Aproni iwe na mfuko. Nitahitaji pa kuweka penseli."

Mkewe alitaka kulia kwa furaha, lakini alijizuia, kwa kuwa aliuona uso wake.

* * *

Siku ya kwanza mlinzi wa hoteli alimrudisha. "Mlango wa mafundi uko nyuma, mzee, kule kunakopita mboga." Akapita kunakopita mboga. Akavishwa aproni ya kijani iliyoandikwa FUNDI WETU kifuani, na kofia ambayo haikuwa saizi yake. Meza yake iliwekwa kati ya mti wa Krismasi na mashine ya kahawa.

Meneja mwenyewe hakujua lolote kuhusu Panya. Alichotaka ni mtu wa kuonekana tu. Udanganyifu wote ulipangwa nyumbani. Kila asubuhi mkewe alimpa bahasha yenye karatasi ambazo Panya alikuwa amekwisha kukata, lakini vipande vya ndani vilikuwa bado vimeshikilia. Kazi ya Mstari ilikuwa kuinamisha kichwa, kupitisha kisu pale ambapo pamekatwa tayari, na kuvibandua vipande hivyo kimoja kimoja. Kondoo anatokea. Watu wanapiga makofi.

"Tazama, hata hatumii rula!" mgeni mmoja alimwambia mwenzake, akampiga picha.

Miaka thelathini alikuwa amesikia maneno hayohayo na kila mara yakamkaa kifuani kama chakula cha moto. Sasa yalimkaa kooni. Alitabasamu. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu muuza dawa mmoja, aliyewahi kuchorewa naye bango akaja kulishusha na kuweka la plastiki, alipita pale na wageni wake akamwona. "Mstari! Kumbe upo! Mimi nilikuwa nawaambia watu, huyu mashine haimwezi." Akamwekea noti kwenye mfuko wa aproni, palepale penye penseli, akampigapiga begani.

Siku hiyo Mstari alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ametoka kununua fremu. Akamkuta binti peke yake.

"Mama," alimwita binti yake, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "mama yako amekuambia ukate ngapi?"

"Arobaini na moja. Moja ya akiba, kama kawaida yake."

"Kata arobaini. Mimi nipe karatasi saba nzima, zisizokatwa. Na unichapie michoro."

Binti alimtazama. "Baba, zote saba? Kwa kisu? Matawi yale yana majani mia na kitu."

"Nimeyahesabu. Mia na kumi na mbili."

"Mama akijua..."

"Atajua nini? Ameshasema ni kazi ya mkono wangu. Nataka moja iwe. Ikiwepo moja, basi mimi si mwongo. Nitakuwa fundi aliyesaidiwa."

Hesabu hiyo isingekubaliwa na hakimu yeyote, na binti alijua. Lakini alikuwa hajamwona baba yake akitaka kitu kwa muda mrefu. Akamchapia michoro kwenye karatasi saba nzima, akamfungia.

* * *

Kwa siku tisa Mstari alikata kweli. Wageni hawakuona tofauti yoyote, maana mtu anayekata na mtu anayejifanya anakata huinama vilevile. Tofauti aliijua yeye. Mgongo ulimuuma maumivu ya zamani, yale mazuri, na alisahau kofia. Vilima alivimaliza siku moja. Miti ilimchukua mbili. Kondoo mmoja alimharibikia sikio, akamfanya awe ameligeuza kusikiliza, na akampenda kuliko wengine. Mtoto horini alimkata asubuhi, mkono ukiwa bado haujachoka.

Nyota aliiacha mwisho. Mchoro wa kompyuta ulikuwa na ncha nane zinazolingana. Mstari aliutazama, akatikisa kichwa, akachukua penseli na kuirefusha ncha ya juu kwa upana wa kidole. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kitu kitakachotundikwa juu hutazamwa kutoka chini, na jicho lililo chini hula sehemu ya juu. Herufi za bango alizichora vichwa virefu, ili mpita njia azione sawa. Wanagenzi wengi waliwahi kumcheka, mpaka aliposhuka ngazini akawaambia watazame. Mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia hiyo ngazi, walipokuwa vijana, na kila mara aliita kutoka chini, "Hapohapo! Imekaa!" Hakuwahi kuuliza imekaaje.

Siku mbili kabla ya kupeleka, mkewe alipokwenda sokoni, Mstari aliibandika picha yake, karatasi juu ya karatasi, sponji kwa sponji. Kingo za majani hazikuwa laini kama za Panya. Ukizitazama karibu, ziliyumba kidogo, kama mwandiko. Akaitia kwenye fremu. Fremu zilikuwa arobaini kamili. Thelathini na tisa zilikuwa na kazi ya mashine, na hii moja ilikuwa na yake. Akaichomeka katikati ya rundo, akakaa kuitazama kana kwamba alikuwa ameoa upya.

Kesho yake pale mapokezi alimjibu mgeni aliyemuuliza kama kweli anakata yote mwenyewe. "Ninakata," alisema Mstari, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni.

* * *

Gari la hoteli lilikuja siku ya kupeleka, saa sita mchana. Mstari alikuwa apande humohumo, na aproni yake, ili apigwe picha akishuka na kazi zake. Dereva alikaribishwa ndani, akapewa maji, akasimama na bilauri mkononi akishangaa. Panya alikuwa amefunikwa kitambaa mpaka chini.

"Dakika tano tu," mkewe Mstari alimwambia dereva. "Naziangalia mara ya mwisho. Meneja wenu ana macho."

"Ana macho yule," dereva alikubali. "Jana amerudisha mashuka hamsini."

Mwanamke alizipanga kwenye kochi, akazipitia moja moja. Alikuwa na jicho la cherehani, jicho linaloona uzi uliopotoka. Kidole kilipita kwenye ukingo, kikapita, kikapita. Moja, tano, kumi na mbili. Kwenye ya ishirini na moja kidole kilisimama.

Aliiinua. Aliilaza mapajani akaitazama kutoka juu, kama anavyotazamwa mtoto mwenye upele. Akaipeleka dirishani.

"Hee," alisema.

Binti aliacha kufunga kamba.

"Nini?" Mstari aliuliza.

"Hii ina nini? Tazama majani haya, yameyumba. Na nyota... nyota hii ncha yake ya juu imevutika. Zingine ziko sawa, hii imevutika." Alifikiri Panya amekosea, karatasi imesogea ndani ya mdomo wake. Lakini dereva alikuwa amesimama pale, anasikiliza, na yeye alikuwa mwanamke mwepesi wa akili. Akamgeukia mumewe, akamtolea tabasamu la watu walio pamoja katika siri. "Hapa mkono wako uliteleza, baba watoto."

Chumba kilikuwa kidogo, na maneno yalikaa humo yote.

Mstari alikuwa na maneno pia. Angeweza kusema: itundike juu, urudi chini, uitazame. Angeweza kusema: hiyo ndiyo. Lakini akisema hiyo ndiyo ya mkono, basi hizi thelathini na tisa ni za nini? Dereva alikunywa maji yake, akangoja.

"Uliteleza," alisema Mstari.

"Mama," binti alianza, "hiyo usi..."

Baba yake alimtazama. "Mpe mama yako gundi," alisema.

Binti alisimama, akaleta gundi. Kifuniko alikuwa amekwisha kukifungua, na mama yake akamwambia asiimwage.

"Bahati nina ile ya akiba," mwanamke alisema, akichomoa kutoka kabatini picha ya Panya isiyo na fremu, iliyonyooka, isiyo na kosa. "Lakini fremu zimeisha. Lazima tuitoe hii. Njoo unishikie, mume wangu, wewe una nguvu."

Mstari alipiga magoti kando ya kochi, akaishika fremu kwa mikono miwili. Gundi ilikuwa imeshakauka vizuri. Alikuwa ameibandika mwenyewe na hakuwa mtu wa kubandika ovyo. Mkewe alipenyeza kidole, akavuta. Nyota na matawi vilitoka kwanza, vikachanika katikati. Kisha mama na mtoto, wakatoka pamoja. Kondoo walikuwa wagumu.

"Shika vizuri," alisema mkewe. "Mbona unalegea?"

Akashika vizuri. Kondoo wakatoka, na zizi, na miti, na vilima. Anga peke yake lilitoka zima, na mkewe akaliweka kando kwa sababu karatasi ya buluu haipatikani kirahisi. Nyingine alizikunja akazitia kwenye boksi la takataka, chini ya meza. Akaingiza ile ya akiba, akabana nyuma, akafuta kioo kwa upindo wa gauni.

"Haya. Sasa zote arobaini ziko sawa."

Dereva alianza kuzibeba, tano tano. Binti alikwenda chumbani, akafunga mlango, na mama yake akadhani kachoka, maana wote walikuwa wamechoka. Mstari alikuwa bado amepiga magoti. Mkewe alimshika chini ya kwapa akamsaidia kuinuka, akamfunga aproni mgongoni, akamwekea kofia sawa. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa ya haki, kwani ameihangaikia. Akamsogelea sikioni ili dereva asisikie.

"Unajua ile ingefika pale, ikatundikwa mbele za watu, ungeaibika," alinong'ona. "Nimekulindia jina lako."

"Ahsante," Mstari alisema.

Kisha akatoka, akapanda gari.